Fedha za serikali zimefika shuleni: jinsi ya kuzifikisha kwa mtoto anayeachwa nyuma

Ruzuku ikishaingia kwenye akaunti ya shule, kinachofuata mara nyingi ni kikao chenye orodha ya vitu: madawati, rangi ya kuta, mashine ya kudurufu, lango jipya. Kila kimoja kina sababu yake. Lakini kama fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya watoto wa familia maskini, yatima, wenye ulemavu au wanaolelewa nje ya familia zao, orodha ya namna hiyo inaweza kununuliwa yote mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja wa watoto hao atakayesoma vizuri zaidi ya mwaka jana.

Jambo hili limeshapimwa. Nchini Tanzania, mwaka 2013 na 2014, watafiti walifuatilia shule za msingi 350. Baadhi zilipewa ruzuku ya ziada kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine walimu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio. Nyingine zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikuongezewa kitu. Baada ya miaka miwili, shule zilizopata ruzuku peke yake hazikuonyesha tofauti katika matokeo ya watoto. Zilizopata ruzuku pamoja na malipo ya walimu zilipanda waziwazi.

Asije mtu akasema basi fedha hazina kazi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata hadi utu uzima Wamarekani waliozaliwa kati ya 1955 na 1985. Waliosoma katika maeneo ambayo bajeti ya shule iliongezwa, na ikaendelea kuongezeka kwa miaka, walisoma zaidi na wakawa na kipato kikubwa zaidi, hasa wale waliotoka katika familia maskini. Fedha zinafanya kazi pale zinapobadilisha kitu ambacho mtoto anakutana nacho kila siku darasani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mtoto, halafu unarudi kwenye bajeti. Nimeuandika kwa ajili ya walimu wakuu, walimu wa taaluma, wajumbe wa kamati za shule, na wazazi wanaotaka kujua waulize nini.

Hatua ya kwanza: soma waraka kabla ya kufungua orodha ya mahitaji

Fedha za serikali hazina sura moja. Kuna ruzuku ya kila mwanafunzi, inayogawiwa kwa kuhesabu walioandikishwa, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Kuna mafungu maalumu yanayofuata uhitaji: Marekani wanalo tangu mwaka 1965, Chile tangu 2008, England tangu 2011. Afrika Kusini imezipanga shule za umma katika makundi matano kulingana na umaskini wa eneo, na zilizo katika makundi ya chini hupewa zaidi kwa kila mwanafunzi. Halafu kuna fedha zinazokwenda moja kwa moja kwa familia kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie shule, kama mpango ulioanza Mexico mwaka 1997, ambao uliwalipa zaidi wasichana wa sekondari kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiacha masomo kwa wingi.

Tafuta waraka wenyewe, usitegemee maelezo ya mdomo. Usome ukiwa na kalamu, uandike majibu ya maswali haya: Fedha zinamlenga nani? Zinaruhusiwa kulipa nini, na nini kimekatazwa? Zitakuja kwa awamu ngapi? Zikibaki mwisho wa mwaka, zinarudi au zinaendelea? Nani anatia saini? Taarifa inapelekwa wapi, na lini? Mwalimu mkuu aliye na majibu hayo kwenye ukurasa mmoja hababaishwi na mtu, awe mkaguzi au mfanyabiashara aliyekuja na bidhaa zake.

Kuna kanuni moja nawasihi muibandike ukutani hata kama waraka wenu haujaitaja: fungu la wahitaji liongeze, lisizibe pengo la fedha nyingine. Kama fedha za kawaida zilikuwa zinanunua chaki, zisihamishwe kwenda kwenye ukarabati wa ofisi eti kwa kuwa sasa fungu la watoto maskini litanunua chaki. Marekani walilijua hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1969, miaka minne tu baada ya sheria yao kupita, ripoti iliyoandaliwa na watetezi wa haki za kiraia ilionyesha kwamba wilaya nyingi zilikuwa zikitumia fungu la watoto maskini kama fedha za kawaida za shule zote. Masharti yakakazwa baada ya hapo.

Pengo la namna hiyo hutokea nyumbani pia. Watafiti waliofuatilia ruzuku za shule nchini India na Zambia waliona kwamba familia zikijua mapema kuwa ruzuku inakuja, hupunguza kile zilichokuwa zikitumia zenyewe kwa masomo ya mtoto, na faida ya ruzuku ikapotea hapo. Sioni sababu ya kuwalaumu wazazi. Familia yenye kidogo inahamishia kidogo hicho kwenye shimo jingine. Dawa yake ni kununua kile ambacho familia haiwezi kununua kabisa, kama vile muda wa mwalimu, na kusema wazi katika kikao cha wazazi ruzuku italipa nini na nini bado kiko mikononi mwa familia.

Hatua ya pili: andika majina

"Watoto wetu wengi ni maskini" ni maneno ambayo hayawezi kupangiwa bajeti. Unahitaji orodha ya majina, darasa kwa darasa.

Anza na kigezo rasmi. England, kwa mfano, fungu hutolewa kwa mtoto aliyewahi kustahili chakula cha bure shuleni wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita, pamoja na watoto walio chini ya malezi ya serikali au waliowahi kuwa huko. Miaka hiyo sita ina maana kubwa: familia inaweza kupata kazi mwezi huu, lakini mtoto hapati papo hapo yale aliyoyakosa katika miaka ya shida.

Ukishamaliza orodha rasmi, kaa na walimu wa madarasa muitazame kwa macho yenu. Kuna watoto ambao vigezo vya karatasi huwa haviwaoni. Anayelelewa na bibi mzee ambaye hajawahi kujaza fomu yoyote. Aliyehamia katikati ya mwaka na jalada lake halijafika. Anayemhudumia mzazi mgonjwa. Anayezungumza nyumbani lugha isiyofundishiwa shuleni. Mwenye uziwi wa kiasi ambaye kila mtu anadhani ni mvivu. Wengine hawamo kwa sababu wazazi wanaona aibu kujiandikisha kuwa maskini, na hapo kazi ya shule ni kuifanya fomu iwe ya kawaida: mpe kila mzazi siku ya kuandikisha, si wale unaowadhania tu.

Orodha hii isibandikwe popote, isisomwe mstarini, wala isitumike kuwaita watoto watoke mbele ya wenzao. Mtoto akishajulikana darasani kama "wa msaada", msaada huo ataukimbia. Orodha itunzwe na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa darasa ajue majina ya watoto wake tu.

Hatua ya tatu: tafuta kinachomzuia kila mtoto

Hapa ndipo nawaomba mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, ingawa haitakuwa na stakabadhi hata moja ya kuonyesha. Watoto wawili wanaweza kuwa maskini sawasawa huku vizuizi vyao havifanani hata kidogo. Mmoja hajui kusoma. Mwingine anasoma vizuri lakini haji shuleni. Ukiwanunulia wote sare, umemsaidia labda mmoja, na pengine hakuna.

Anza na kusoma, kwa sababu mtoto asiyesoma amefungiwa nje ya masomo mengine yote. Huhitaji mtihani uliochapishwa. Andaa karatasi moja yenye sehemu nne: herufi kadhaa, maneno mafupi, aya ya sentensi nne rahisi, na hadithi fupi. Mwite mtoto mmoja mmoja, mahali ambapo wenzake hawamsikii. Mpe ile aya kwanza. Akiisoma bila kukwama, mpe hadithi, kisha muulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Akikwama kwenye aya, shuka kwenye maneno. Akikwama kwenye maneno, shuka kwenye herufi. Andika ngazi aliyofikia, basi. Ni dakika chache tu kwa kila mtoto. Njia hii imetumika India tangu mwaka 2005 kupima watoto majumbani, tena na watu wa kujitolea wasio walimu.

Angalia jambo moja kwa makini. Kuna watoto waliokariri kitabu chote cha darasa kwa kusikiliza wenzao wakikiimba. Wanashika ukurasa, macho yanatazama dirishani, na maneno yanatoka sawasawa. Mwambie mtoto wa namna hiyo aanze na sentensi ya mwisho, au weka kidole kwenye neno la katikati umuulize ni neno gani. Utashangaa ni wangapi wamefika madarasa ya juu kwa kukariri, na hakuna aliyewahi kuwaketisha peke yao na kuwasikiliza.

Hesabu ipimwe vivyo hivyo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa kwa kuazima, kugawanya. Ngazi, si alama.

Baada ya hapo chukua daftari la mahudhurio. Usihesabu tu siku alizokosa; tazama ni siku zipi. Anayekosa siku hiyohiyo kila wiki ana sababu tofauti na anayetoweka wiki tatu mfululizo msimu wa mavuno. Msichana anayekosa siku chache kila mwezi huenda hana taulo za kike, au choo cha shule hakina mlango. Anayefika kila siku amechelewa kipindi cha kwanza huenda anawapeleka wadogo zake kwanza. Usikisie. Mwalimu anayeaminiwa na watoto azungumze naye, na swali liwe "Asubuhi yako huwa inaanzaje?" kuliko "Kwa nini unatoroka?" Swali la pili linafunga mlango.

Tatu, macho na masikio. Mtoto asiyeona ubaoni hujifunza kunyamaza. Simama naye umbali wa kiti cha nyuma umuulize anaona nini, kisha waombe wahudumu wa afya wawapime wanaotiliwa shaka. Kule mkoa wa Gansu nchini China, watoto wa shule za vijijini waliopewa miwani walifanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wenzao wenye tatizo lilelile ambao hawakupewa. Ni vigumu kupata matumizi ya ruzuku yaliyo mepesi kuliko hayo.

Mwisho wa hatua hii uwe na jedwali moja: jina, ngazi ya kusoma, ngazi ya hesabu, siku alizokosa, kizuizi kikuu. Safu ya mwisho ndiyo itakayokuandikia bajeti. Ukiona watoto thelathini kati ya arobaini wamekwama kwenye maneno mafupi, huna jambo la kufikiria sana: fedha nyingi zinakwenda kwenye kusoma.

Hatua ya nne: chagua mambo machache

Shule inayofanya mambo kumi na matano kwa ruzuku moja huwa haifanyi hata moja sawasawa. Chagua matatu, au manne kama shule ni kubwa, na uyapange kwa uzito: kwanza ufundishaji wa kila siku, pili msaada wa ziada kwa walioachwa nyuma, tatu vizuizi vya nje ya darasa. Shule za England zinashauriwa kufuata mpangilio huu, na mimi naukubali kwa sababu rahisi: mtoto maskini anamtegemea mwalimu wake kuliko mtoto mwingine yeyote. Wa nyumba yenye uwezo akifundishwa vibaya atapata mwalimu wa kulipia jioni. Huyu hana pa kwenda.

Kwenye ufundishaji, usikimbilie semina ya siku mbili hotelini yenye posho na vyeti. Walimu hubadilika wanapopewa kitu mahususi cha kufanya kesho asubuhi, kisha mtu akaja kukaa nyuma ya darasa, akaangalia, akarudi wiki mbili baadaye kuangalia tena. Fedha inaweza kulipia muda wa mwalimu mzoefu kufanya kazi hiyo, au mwalimu wa muda wa kushika darasa lake wakati yeye yuko kwa mwenzake.

Kwenye msaada wa ziada, njia iliyothibitika sana ni kuwagawa watoto kwa ngazi zao badala ya umri au darasa, kwa saa moja au mbili kila siku. Shirika la Pratham la India ndilo lililoikuza, na nchi kadhaa za Afrika zimeifuata. Walio kwenye herufi wanakaa pamoja, walio kwenye maneno pamoja, na mtoto akipanda ngazi anahamia kundi jingine siku hiyohiyo. Ukiweza, makundi yawe madogo. Na kundi la chini kabisa lipewe mwalimu mzuri kuliko wote. Najua kwamba desturi ni kinyume, kwamba mwalimu hodari hupelekwa darasa la mtihani ili shule ipate jina, lakini fedha hizi hazikutolewa kwa ajili ya jina la shule.

Ukiajiri wasaidizi wa walimu, wape kazi iliyoandikwa. England iligundua kitu cha kusikitisha katika utafiti mkubwa uliofanyika kati ya 2003 na 2008: watoto waliopata muda mwingi zaidi wa wasaidizi walisonga mbele polepole kuliko wenzao wanaofanana nao. Wasaidizi walikuwa wakikaa kando ya mtoto na kumalizia kazi yake, na mwalimu akawa hamfikii tena. Wasaidizi haohao, wakifundishwa programu moja ya kusoma na kuiendesha na kikundi kidogo kwa ratiba maalumu, wanaleta mabadiliko mazuri.

Vitu navyo vinahitaji tahadhari. Magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, shule kadhaa ziligawiwa vitabu rasmi vya kiada. Wastani wa matokeo haukupanda; waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa wengi wa waliobaki hawakuweza kuvisoma. Vilikuwa vya Kiingereza, tena vimeandikwa kwa kiwango kilicho juu yao. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa vijijini, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona maendeleo katika hesabu wala lugha. Kama unanunua vitabu, nunua vile ambavyo mtoto wa ngazi ya maneno anaweza kuvisoma leo, vifupi, vingi, vya lugha anayoielewa. Kompyuta subiri mpaka useme ni kipindi gani, mwalimu gani, na itafundisha nini ambacho ubao haufundishi.

Kuhusu chakula, usafiri, sare, taulo za kike na miwani, kipimo ni kile kizuizi ulichoandika kwenye jedwali. Kama utoro wa watoto kumi unatokana na umbali, usafiri wao ni matumizi halali zaidi ya elimu kuliko kitabu kitakachowakuta hawapo.

Hatua ya tano: geuza mpango kuwa mchanganuo wa bajeti

Kila mstari wa bajeti ujibu mambo sita: watoto gani, kizuizi gani, tutafanya nini, nani anawajibika, kuanzia lini hadi lini, tutajuaje kwamba kimefanya kazi. Mstari ulioandikwa "Vifaa vya kufundishia" haujibu hata moja. Uandike hivi: "Watoto 26 wa darasa la nne walio kwenye ngazi ya maneno; saa moja ya kusoma kila siku kwa wiki kumi na mbili; msimamizi ni mwalimu wa lugha wa darasa la pili; gharama ni posho ya muda wa ziada na vitabu vidogo 60; lengo, angalau 20 wasome aya bila kukwama kufikia mwisho wa muhula." Mjumbe wa kamati ambaye hakusoma sana ataelewa mstari huo, na ataweza kuuliza swali la maana juu yake.

Panga pia kwa ajili ya kuchelewa. Fedha za serikali mara nyingi huja nyuma ya ratiba, au pungufu. Gawa mpango katika sehemu mbili: kile kitakachoanza hata awamu ya kwanza ikiwa nusu, na kile kitakachosubiri. Kupanga watoto kwa ngazi hakugharimu kitu, kwa hiyo kianze siku ya kwanza. Usiahidi mshahara wa mwaka mzima kwa fedha za muhula mmoja. Mwalimu wa mkataba akiondoka katikati, anayeumia ni yuleyule mtoto aliyekuwa ameanza kuamka.

Hatua ya sita: fedha zionekane

Uganda wana mfano ambao kila mjumbe wa kamati anapaswa kuujua. Watafiti walipofuatilia ruzuku ya shule za msingi iliyotolewa kati ya 1991 na 1995, walikuta kwamba, kwa wastani, ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Iliyobaki ilikwama katika ngazi za wilaya, na shule maskini ndizo zilizopata kidogo zaidi. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, sehemu kubwa ya ruzuku, zaidi ya asilimia 80, ilikuwa inafika. Palikuwa na mageuzi mengine ndani ya miaka hiyo, kwa hiyo tangazo peke yake lisipewe sifa zote. Hata hivyo watafiti waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilipata nafuu zaidi, na hilo linaeleza mengi: mwalimu mkuu aliyejua amepangiwa kiasi gani aliweza kwenda kukidai.

Kwa hiyo weka ubao wa matangazo mahali ambapo mzazi anapita bila kuomba ruhusa ya kuingia ofisini. Uandikwe kiasi kilichotarajiwa, kilichopokelewa na tarehe yake, kilichotumika kwa kila jambo, na salio. Majina ya watoto yasiwepo.

Ndani ya ofisi, fuata yale mnayoyajua, ila bila kuruka hatua. Watia saini wawili au zaidi. Nukuu za bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa. Kila hati ya malipo iambatane na ankara na stakabadhi, na kila kifaa kiingie kwenye leja siku kilipofika. Mwalimu mkuu mwaminifu anahitaji utaratibu huu kuliko mtu mwingine, kwa sababu siku uvumi ukianza, daftari ndilo litakalomtetea.

Kwa mzazi au mjumbe anayesoma hapa: uliza maswali manne. Fungu la watoto wahitaji lilikuwa kiasi gani mwaka huu? Lilitumika kwa mambo gani matatu makubwa? Watoto wangapi wamepanda ngazi ya kusoma tangu lianze? Ni jambo gani mmeliacha kwa sababu halikufanya kazi? Uliza kwa heshima, ndani ya kikao, na uombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Swali la tatu ndilo linalosahaulika, nami naliona la maana kuliko yote.

Hatua ya saba: pima katikati, siyo mwisho

Kila baada ya wiki sita hivi, rudia ile karatasi ya sehemu nne kwa watoto walewale. Weka matokeo kwenye jedwali lilelile ili mabadiliko yaonekane kwa jicho moja. Mtihani wa mwisho wa mwaka unakuja ukiwa umechelewa, na wastani wa darasa unaficha watoto unaowatafuta: darasa linaweza kupanda kwa sababu walio mbele wamekwenda mbele zaidi.

Ukikuta kundi halijasogea, nenda kwanza ukaangalie kama jambo lenyewe lilifanyika. Mara nyingi saa ya kusoma ilifutwa kwa ajili ya michezo, mitihani ya majaribio, mgeni wa wilaya na mvua, na ukihesabu unakuta watoto walipata nusu ya vipindi. Hapo tatizo ni ratiba. Lakini kama vipindi vilifanyika vyote na bado hakuna mabadiliko, acheni jambo hilo, hata kama lilipendwa, hata kama mwenyekiti ndiye aliyelipendekeza. Fedha zilizobaki hamisheni kwa idhini ya kamati, kwa kumbukumbu iliyoandikwa, kwenda kwa linalofanya kazi.

Hatua ya nane: taarifa, na mtoto anayehama

Shule za England hutakiwa kuchapisha kila mwaka, kufikia tarehe 31 Desemba, maelezo ya jinsi fungu hili lilivyotumika na lilivyosaidia. Chile, shule husaini makubaliano na serikali na kuandika mpango wa kuboresha ili ipate fungu lake, na mtoto aliyelengwa hatozwi ada. Hata kama nchi yenu haidai hivyo, andikeni kurasa mbili: tulikuwa na watoto wangapi, vizuizi vilikuwa vipi, tulifanya nini, wangapi wamepanda, nini tumeacha, mwaka ujao tunabadilisha nini. Taarifa yenye ngazi za kusoma za mwanzo na za sasa ina nguvu kuliko picha ya makabidhiano ya madawati, na ndiyo silaha mtakayokwenda nayo kuomba fungu liongezwe.

Watoto hawa huhama sana, kwa sababu kodi ya nyumba imeshinda, au mlezi amefariki, au kazi imeisha. Kila wanapohama, yote yaliyogunduliwa juu yao hupotea na shule mpya inaanza upya, mara nyingi kwa kuwaweka nyuma ya darasa. Mtoto wa orodha yako akiombewa uhamisho, andika nusu ukurasa: ngazi yake ya kusoma na hesabu kwa tarehe ya leo, kizuizi kikuu, msaada aliokuwa anapata na uliomfaa, na kifaa alichopewa, kama miwani, ambacho anaondoka nacho. Mpe mlezi nakala mkononi, nyingine itumwe kwa mwalimu mkuu anakokwenda, na umpigie simu kuhakikisha imefika na imesomwa na mwalimu wa darasa.